Mwenzangu wa Gemu la Pili

4 Februari

Namba Mbili, mdogo wangu,

Kwanza nikutoe wasiwasi: Mama anakula, anatembea na fimbo yake, na anagomba. Nyonga imepona kiasi cha kumfikisha jikoni kukagua sufuria zangu, haijapona kiasi cha kumfikisha dukani. Daktari amerudia yaleyale, kwamba asilale peke yake ndani ya nyumba. Mama akamuuliza kama na yeye daktari hulala na mlinzi.

Sasa fungua kifurushi taratibu. Ndani ya soksi za sufi kuna kitu. Ndiyo, limetoka! Taa za Chini, la pili! Miaka yote hiyo tukisema halitatoka, kumbe watu walikuwa jikoni wanapika. Nimenunua mawili, langu na lako. Nimekunakilia na ile memori kadi yetu yenye safari yetu yote ya gemu la kwanza, maana kwenye kasha wameandika kwamba gemu hili linaisoma. Linaisomea nini sijui. Kijitabu kimeandikwa kwa herufi za siafu, nami nikishakata vioo vya miwani ya watu kutwa nzima sina hamu ya kukodolea kitu kingine macho.

Nimecheza jioni chache tu. Nikupe ya moyoni? Ni zuri na limeniudhi. Unakumbuka maji ya gemu la kwanza yalikuwa bluu moja tu, kama bati lililopakwa rangi, na tuliyaamini hivyohivyo? Sasa yanatetemeka, ukiinama unaona uso wako. Ule muziki wetu wa kinanda, kama wa mtu anayepiga kwa kidole kimoja, sasa unapigwa na kundi zima. Nilifurahi kuusikia, halafu nikajikuta nautafuta ule wa zamani ndani yake na siupati.

Lakini wameondoa mchezaji wa pili! Pedi ya pili ya gemu haina kazi kabisa, nimeirudisha kabatini. Zamani tulikuwa wote mle, mimi yule mrefu mwenye ngazi, wewe yule mfupi, kila mmoja na kibiriti chake, tunawasha taa za mji mzima uliozama chini ya ardhi, na kioo cha televisheni hakisogei mpaka wote wawili tufike langoni. Leo mwenzako anaendeshwa na mashine. Na huyu niliyepewa mimi ni kiherehere asiye na mfano. Taa ikionekana tu, mbio, kaiwasha yeye. Shimo likitokea, katumbukia, halafu anapunga mkono nimteremshie ngazi. Kazi yangu ni kumfuata nyuma kama yaya. Waliolitengeneza hawajawahi kucheza na mtu.

Jambo la pili ndilo kubwa. Yule bibi anayetengeneza macho ya bandia amenijibu. Nafasi nimepata! Darasa linaanza mwanzoni mwa Aprili, wanafunzi anawachukua wachache, na kwa umri wake hajui kama atafungua jingine. Mdogo wangu, nitajifunza kuchora mboni, na vile vishipa vyekundu, na ule weupe wa jicho ambao kumbe si mweupe. Mkataba wako unaisha mwisho wa Machi. Wewe unaingia, mimi natoka, na katikati hapo tutapata siku za kukaa pamoja. Anataka nimthibitishie mapema, na nitamthibitishia ukishaniambia unakuja lini.

Njoo. Nyumba imenikalia kubwa bila kelele zako.

Dada yako,
Kapteni

*

Kambini, 19 Februari

Kapteni,

Lori la chakula limeleta vitunguu, mafuta, unga na soksi zako. Nimelipokea hilo gemu kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Mashine ya kulichezea ni ya mpishi wetu, ipo bwaloni, na sheria yake ni moja: anayetaka kucheza anamenya viazi kwanza. Kwa hiyo nisamehe karatasi ikinuka.

Huku tunaunganisha bomba la kupeleka maji kwenye mitambo, bomba kubwa mtu anaweza kusimama ndani yake. Natoka humo jioni masikio yanavuma, natoa kinyago cha kulehemea, nakaa kwenye benchi, na mji wetu huo hapo kiooni.

Wewe umelaumu, mimi nimelipenda. Nakwambia kweli. Zamani nilikuwa mfupi wa kona ya kushoto, nauona mji kutokea ubavuni mwako. Sasa picha inakaa nyuma ya bega langu, na niendako ndiko kunakofunguka. Nimeingia kwenye soko lililozama nikasimama tu, sichezi, naangalia. Ni kama hatukuwahi kufika pale.

Tatizo langu ni mwenzangu. Nadhani nakala yangu ina kasoro. Wewe umepewa kiherehere, mimi nimepewa nguzo. Tukifika langoni, anasimama. Nageuka, yuko palepale na ngazi yake, ananitazama. Hapiti mpaka mimi nipite. Taa iko mbele ya pua yake, haiwashi, anasubiri niiwashe mimi. Kitu pekee anachokijua ni kunitoa shimoni, hapo ni hodari, hata sijamaliza kuanguka ngazi imeshafika. Halafu anasimama tena. Juzi alinichosha, nikamwacha langoni nikaenda zangu. Na gemu likakubali! Zamani lisingekubali. Nimefika mbali sana peke yangu, Kapteni, mpaka watu wa bwaloni wakaacha kula wakaja kutazama.

Kuhusu macho ya bandia, hongera Dada. Hongera sana. Hayo mengine tutaongea.

Namba Mbili

*

Kambini, 19 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii nimeitia kwenye bahasha yako peke yako. Isome Dada akiwa kazini.

Nimesaini tena, Mama, mpaka Machi ya mwakani. Nilisaini kabla kifurushi chake hakijafika, sikujua kwamba yule bibi amemkubali. Wamenifanya msimamizi wa kikosi cha kulehemu. Watu walionizidi umri wananijia asubuhi na kuniuliza, "Tuanze wapi leo?" Halafu wanasubiri nijibu. Sijawahi kusubiriwa, Mama. Nyumbani tangu nizaliwe mimi ni wa pili: nguo za Dada zikipunguzwa, vitabu vya Dada, pedi ya pili. Sisemi kwa ubaya. Yeye ndiye aliyenilea ulipokuwa kazini, najua. Lakini hapa hakuna anayejua kwamba mimi ni mdogo wa mtu.

Sasa sijui nimwambieje. Nikimwambia kweli ataiacha ile nafasi, hawezi kukuacha peke yako. Nisipomwambia atafunga begi. Usimwambie, nakuomba. Nitatafuta maneno mazuri nimwambie mwenyewe. Labda yule bibi atakubali kumsubiri mwaka mmoja.

Usidhani nimewasahau. Mvua ikinyesha huku nasikia ule mlango wetu wa jikoni unavyovimba na kugoma kufunga, na nawakumbuka nyote.

Mwanao

*

3 Machi

Namba Mbili,

Huyo mwenzako hana kasoro, nakwambia tubadilishane! Nipe nguzo, nikupe kiherehere. Nikipata mtu wa kusimama langoni akanisubiri hata mara moja, nitamwandikia barua ya shukrani. Huyu wangu jana katumbukia shimo lilelile mara mbili, na mara ya pili ndiyo kwanza nilikuwa nimemtoa humo. Nimeanza kufikiri wametengeneza nakala mbovu za aina mbili, wanaume wakapelekewa moja na wanawake nyingine.

Wewe uliyelipenda, niambie, hukuona chochote kilichopungua? Mimi naona kila kitu kimeongezeka, milango, taa, samaki, hata nywele za yule mrefu sasa zinapepea, na bado nahisi nimeingia kwenye nyumba tuliyowahi kukaa na watu wengine wamepanga vyombo.

Na nikuambie lililonifanya niache kucheza. Ijumaa yule kiherehere aliwasha taa, akaruka kwa furaha, akarudi nyuma kinyumenyume, akaangukia majini. Nilicheka kwa sauti, nikageukia upande wako wa kochi ili tucheke wote. Pale pana kapu la nguo za kupiga pasi. Nikazima.

Sasa jibu. "Hayo mengine tutaongea" ndiyo nini? Mtu mwenye mdomo kama wako anaandika ukurasa mzima juu ya gemu, halafu dada yake anamwambia maisha yake yanabadilika, anaandika mstari mmoja? Umepata mchumba huko? Sema tu, sitamla, nitamkagua. Au unaumwa? Na Mama naye sijui kapatwa na nini, amekuwa mpole. Juzi niliunguza maharage akasema yana ladha nzuri. Nimempima homa, hana.

Bibi wa macho anataka jibu kabla ya Machi kwisha. Begi nimeshalitoa juu ya kabati, nimelipangusa vumbi, liko wazi kitandani, silijazi na silifungi. Niambie siku ya kufika kwako tu. Ninakuhitaji, mdogo wangu, sina njia nyingine nzuri zaidi ya kulisema hilo.

Kapteni

*

Kambini, 17 Machi

Dada,

Nimeandika hii mara kadhaa nikachana. Safari hii naipeleka kwenye lori kabla sijaisoma.

Mpishi naye kajinunulia gemu lake. Jana alikuwa anacheza, mimi namenya viazi, nikaona mwenzake anatembea ubavuni kwake sawasawa kama askari wa gwaride. Hakimbii, hasimami. Nikamwambia, wewe umepata zima, langu ni bovu. Akaniuliza kama niliweka kadi ya zamani. Yeye hakuwa nayo, la kwanza hakulicheza. Akavaa miwani, akachukua kijitabu changu ambacho mimi na wewe tulikidharau, akanisomea mbele ya watu: ukiweka kadi ya zamani, mwenzako atacheza vilevile kama mwenzako wa zamani alivyocheza.

Dada, ni wewe. Ile nguzo ni wewe.

Na kiherehere wako ni mimi. Pole kwa yote.

Mpishi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitoka nje kwanza. Halafu nikarudi, nikaingia kwenye gemu, nikarudi nyuma njia yote ile niliyoipita kwa majivuno, mpaka kwenye lango nilipomwacha. Bado alikuwa pale na ngazi begani. Aliponiona alisogea pembeni kidogo, ili nipite.

Nilikuwa naamini kilichotufanya tusubiriane ni kioo. Kioo hakisogei mpaka wote tufike, basi, ni sheria ya gemu. Sikujua kwamba wewe ulikuwa unafika kwanza. Kila mara. Unafika, unasimama, unaniacha niwashe taa, niingie wa kwanza, nipige kelele kwamba nimeshinda. Taa zote za mji ule niliziwasha mimi, na kwa miaka yote hii najiita wa pili, na kinyongo juu yake.

Sasa lile nililokuficha. Nimesaini mwaka mwingine. Wamenipa cheo, nikapenda kuwa mbele, nikashindwa kukuambia. Mama anajua, mimi ndiye niliyemwomba anyamaze, usimpime homa tena. Leo asubuhi nimemwendea injinia nikamwambia naomba kuachiwa, dada yangu ana safari. Hakukataa. Amesema nisubiri apatikane mtu wa kushika kikosi, labda Mei. Mwombe yule bibi mwezi mmoja tu. Nakuja. Usimwambie hapana, nakusihi, usimwambie hapana.

Mdogo wako

*

21 Machi

Mwanangu,

Hallo, hapa ni kwa mama yako.

Uliniomba ninyamaze nikanyamaza, na kwa mtu aliyefanya kazi ya kuunganisha simu za watu mpaka anastaafu, hiyo ni adhabu. Pale mezani pa simu tulikatazwa kusikiliza, na wote tulisikiliza. Nilichojifunza ni kwamba watu wakirefusha maneno juu ya kitu kidogo, kuna kikubwa wamekikalia. Nyinyi wawili mmeandikiana kurasa na kurasa juu ya vikatuni viwili vyenye kibiriti. Dada yako alikuwa ananisomea, anacheka, kisha anaikunja barua kabla haijaisha.

Nimemwambia. Hukunipa ruhusa na sikuihitaji. Hakulia. Aliosha vyombo, akavifuta, akaviosha tena. Halafu akasema, "Basi, nitampigia bibi nimwambie mwakani." Akaenda kulirudisha lile begi juu ya kabati. Nikamsikia anavyolisukuma.

Mwanangu, hapo ndipo nilipokasirika. Siyo kwako, kwa wote wawili. Mmenigawana kama zamu ya kufagia. Nani amlinde Mama Machi, nani amlinde Aprili. Kuna aliyekuja akakaa mbele yangu akaniuliza mimi nataka nini? Mfupa uliovunjika ni wa nyonga, ulimi ninao.

Alipokwenda kazini nilichukua simu. Sauti yangu ya kazini ingalipo, ulizia. Nikampigia yule bibi wa macho nikamwambia napiga kuthibitisha nafasi ya mwanangu, anakuja. Akauliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ni ofisi. Halafu nikampigia shangazi yenu, ambaye tangu awe mjane anaongea na redio. Amehamia jana na masufuria yake yote. Yuko chumbani kwako. Anakoroma mpaka madirisha yanaitika, lakini daktari alisema nisilale peke yangu, hakusema nilale kwa amani.

Dada yako aliporudi nilimwambia alishushe begi. Tulizozana mpaka shangazi akatoka nje. Anaondoka wiki ijayo. Amekukasirikia, na ana haki, lakini asubuhi nimemuona anaweka ile pedi ya pili ndani ya begi, katikati ya nguo, na sikumuuliza.

Wewe baki na watu wako wanaokuuliza waanze wapi. Umekitafuta hicho cheo, kifanyie kazi. Usije kwa sababu ya nyonga yangu. Njoo ukipata likizo, kwa sababu unataka kuniona. Mimi nitawakumbuka, na sitajificha, nitalia. Nimeshaanza. Wakati wa kula ndiyo mbaya zaidi, maana viti vyenu viko mezani. Lakini machozi hayo ni yangu mwenyewe, sijawaajiri mje kuyazuia.

Mama yako

*

6 Mei

Mdogo wangu,

Leo ni mara ya kwanza katika maisha yangu kuandika anwani ya nyumbani kwetu kwenye bahasha. Kalamu ilisita. Mama amenipigia akasema umefika likizo, umelala kitandani kwangu kwa kuwa chumba chako kimejaa Shangazi na masufuria yake, na umekula mpaka amekuonea huruma. Nilipokata simu nilikaa kwenye ngazi za bweni. Wewe uko nyumbani na mimi sipo. Tuliota siku chache tu za kuwa wote mle ndani, na hata hizo zimetupita.

Barua yako ya lile lango ilifika nilipokuwa nimeshaondoka. Mama aliituma huku. Nitakuambia ukweli: nilikukasirikia kwenye basi mpaka safari ikaisha, na wiki ya kwanza nikakukasirikia darasani. Kisha ikaja barua yako, nikaisoma katikati ya wanafunzi wenzangu, nikasema vumbi la plasta limeniingia machoni. Walio hapa wote ni watu wa macho, hakuna aliyeniamini.

Unasema nilikuwa nakusubiri. Mimi sikumbuki kusubiri. Nakumbuka nilipenda kukuona ukipita. Ulikuwa unapita lango kifua mbele, umetoa ulimi, kana kwamba mji wote unakupigia makofi, na kwangu hilo ndilo lilikuwa gemu lenyewe. Kwa hiyo futa hicho kinyongo, na usiweke deni mahali pake. Hicho cheo chako kinanifurahisha. Nimewaambia wenzangu kwamba mdogo wangu ni msimamizi, nikaongeza chumvi kidogo, wanadhani bomba lote ni lako.

Kuhusu gemu, nimelimaliza hapa, kwenye chumba cha wageni cha bweni. Baada ya kujua ni nani, sikuweza tena kumlaumu. Nilimwacha aanguke kila shimo analotaka. Mwisho wake ni mzuri kuliko wa gemu la kwanza, mzuri sana, na majina ya waliolitengeneza yalipopita kiooni nikabaki nimekaa, maana sikuwa na wa kubishana naye.

Sasa nikueleze kilichonifanya nikuandikie leo badala ya kusubiri simu. Bibi ametupa mtihani wa kwanza. Kila mmoja achore jicho la mtu anayemfahamu kuliko wote, kwa kichwa, bila picha. Sikufikiri hata kidogo, nikaanza lako. Mishipa nikaiweka, ule weupe nikaupata mpaka bibi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikafika kwenye rangi, brashi ikasimama. Kahawia, ndiyo. Lakini kahawia gani? Inakoza ukingoni au katikati? Ina vidoa? Sijui. Nimekuogesha, nimekupangusa matongotongo, nimekaa ubavuni kwako kwenye kochi lile utoto wako wote, na sote wawili tulikuwa tunatazama kioo.

Nimemrudishia bibi jicho lisilo na rangi. Hakunigombeza. Ameliweka kwenye rafu, akasema nitalimalizia mwenye jicho akija.

Kwa hiyo likizo ikiisha usipande lori moja kwa moja. Pitia huku, hata kwa asubuhi moja. Hatutacheza chochote. Utakaa kwenye kiti karibu na dirisha, utaelekeza uso kwangu, na mimi nitakutazama.

Dada yako